Jinsi ya Kuandaa Jarida la Habari za Shule ya Kati: Pongezi kwa Wanafunzi na Matangazo ya Shughuli Zijazo

Shule ya kati humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka 11 hivi na kumuaga akiwa na miaka 13 au 14, yaani katika kipindi ambacho sauti, kimo na marafiki hubadilika kwa pamoja. Mtoto alipokuwa madarasa ya chini, mzazi alifika hadi mlangoni mwa darasa na kumsikia mwalimu kwa masikio yake; mtoto akipanda ngazi hii, mzazi huanza kuishia getini, na habari za shule humfikia vipande vipande, nyingi zikiwa zimepita kinywani mwa kijana ambaye akiulizwa shuleni kulikuwaje hujibu kwa neno moja: "Kawaida." Jarida fupi la shule, liwe la karatasi au la kusomwa kwenye simu, huziba pengo hilo, ili mradi liandaliwe kwa uangalifu.

Nimeandaa matoleo mengi ya jarida la namna hii, na msimamo wangu ni kwamba pongezi isiyotaja kitendo na tangazo lisilotaja la kufanya ni upotevu wa karatasi. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya msimamo huo.

Hatua ya kwanza: Kubaliana na uongozi kuhusu mipaka

Kabla ya kuandika neno lolote, kaa na mkuu wa shule mkubaliane mambo manne: jarida litoke mara ngapi, liwe na kurasa ngapi, nani mhariri, na nani mwenye kauli ya mwisho kabla halijatoka. Kurasa mbili kila baada ya wiki mbili zinatosha shule nyingi. Toleo la kila wiki huchosha waandaaji kabla muhula haujafika katikati, na la mara moja kwa muhula hufika wakati habari zimekwisha kuwa historia. Pangeni pia siku ya mwisho ya kupokea habari, ambayo isipungue siku tano kabla ya toleo, na mwalimu atakayechelewa asubiri toleo linalofuata, hata akiwa rafiki yako.

Hatua ya pili: Fungua daftari la matukio

Kosa linalojirudia katika majarida ya shule ni kuanza kutafuta habari siku moja kabla ya kuchapa. Mhariri anapoingia ofisi ya walimu akiuliza "Nani ana mwanafunzi wa kupongezwa?", majina yanayotajwa ni yale yale: mshindi wa mtihani, nahodha wa timu, kiranja mkuu. Walimu hawana ubaya wowote. Ni kwamba mtu akiulizwa ghafla hukumbuka kilicho juu juu.

Dawa yake ni daftari moja linalokaa mahali panapojulikana, lenye safu nne: jina la mwanafunzi, alichofanya, siku aliyokifanya, na aliyeshuhudia. Mwombe kila mfanyakazi wa shule aandike walau mstari mmoja kwa wiki, na hapa usiishie kwa walimu wa masomo. Mkutubi huona ni nani anayerudisha vitabu vya wenzake vilivyosahaulika chini ya dawati. Mlinzi wa geti anajua ni nani anayemshika mkono mdogo wake kila asubuhi. Mhudumu wa usafi anajua darasa linaloinua viti juu ya meza bila kuambiwa. Nimesoma mistari ya watu hawa katika daftari nikajiuliza tulikuwa tunawapongeza watoto gani siku zote hizo.

Pembeni ya daftari weka orodha ya wanafunzi wote wa shule, na kila jina linapotokea jaridani, litie alama. Kufikia katikati ya mwaka orodha hiyo itakuonyesha wazi watoto waliotajwa mara nne na wale ambao hawajatajwa kabisa. Hao wa pili kwa kawaida si watukutu, maana mtukutu hujulikana na kila mtu. Ni wale wapole wa katikati, wanaopata alama za wastani, hawachelewi, hawagombani, na wanaweza kumaliza miaka yao yote shuleni bila mtu mzima hata mmoja kuandika jina lao kwa jambo jema. Wapelekee walimu majina hayo na uwaombe wawaangalie kwa wiki mbili. Hakuna haja ya kubuni sifa. Mtoto akiangaliwa kwa nia njema, la kuandika hupatikana.

Hatua ya tatu: Amua ni nini kinachostahili pongezi

Hapa ndipo mahali pa kutumia muda wenu mwingi zaidi, kwa sababu zawadi zinazotolewa kwa mazoea zinaweza kuleta kinyume cha kilichokusudiwa. Mfano ulio wazi ni tuzo ya mahudhurio. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Carly Robinson na wenzake uliofanyika California, Marekani, ukiwahusu wanafunzi zaidi ya 15,000 wa darasa la sita hadi la kumi na mbili. Wanafunzi walioahidiwa tuzo endapo wangehudhuria mwezi mzima hawakuhudhuria zaidi ya wenzao, na wale waliopewa tuzo kwa kushtukizwa, kwa sababu ya mahudhurio waliyokwisha kuyafikia, walihudhuria pungufu katika mwezi uliofuata. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda tuzo iliwaambia watoto kwamba wamekwisha kufanya zaidi ya wenzao na zaidi ya kilichotarajiwa, hivyo siku moja ya kupumzika haina ubaya.

Mimi nina sababu nyingine ya kutoipenda tuzo hiyo: humwadhibu mtoto mwenye maradhi ya kudumu na yule anayebaki nyumbani kumuuguza mzazi. Ikiwa shule inataka kutaja mahudhurio, basi itaje mabadiliko, kwa mfano mwanafunzi aliyekuwa akifika baada ya kengele na sasa anawahi, tena kwa idhini yake.

Mambo yanayostahili nafasi ni mengi kuliko ushindi. Kuna maendeleo ya mtu akilinganishwa na yeye mwenyewe wa jana; kuna kazi iliyorudiwa mara tatu mpaka ikakaa sawa; kuna ujasiri wa kukiri kosa; kuna kumkaribisha mwanafunzi mgeni katika meza ya chakula; kuna kuongoza kikundi bila kupiga kelele. Ushindi wa michezo na mitihani nao uandikwe, ila usimeze ukurasa wote. Pia epuka tuzo moja ya "mwanafunzi bora wa mwezi" inayotolewa kila mwezi hata kama hapana sababu, kwa kuwa mwezi usio na sababu huzaa pongezi ya kulazimisha, na vijana wa umri huu huinusa mara moja.

Hatua ya nne: Andika pongezi kwa kutaja kitendo

Mwaka 1998, watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Baada ya zoezi la kwanza, baadhi ya watoto walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao, kisha wote wakapewa zoezi gumu zaidi. Waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi na hawakulifurahia zoezi kama wenzao, ilhali waliosifiwa bidii walishikilia. Kwa mhariri wa jarida, fundisho hapa ni la lugha: maneno kama "kipaji", "mwerevu" na "bingwa wa kuzaliwa" humwambia mtoto yeye ni nani, wala hayamwambii alichofanya, na siku atakapoanguka hatakuwa na njia ya kurudia.

Tazama pongezi hii, ambayo hufanana na nyingi zilizowahi kuchapwa:

"Tunampongeza sana mwanafunzi wetu wa darasa la saba kwa kuwa na nidhamu, bidii na kipaji kikubwa katika hisabati. Hongera sana, endelea hivyo hivyo!"

Ukiondoa jina na kuweka la mtoto mwingine yeyote, haitabadilika chochote. Sasa soma hii, iliyotokana na mstari mmoja tu wa daftari:

"Mwezi uliopita, kila alipokosea swali la sehemu, mwanafunzi huyu wa darasa la saba alilinakili upya katika kurasa za nyuma za daftari lake na kulifanya tena siku iliyofuata bila kuangalia jibu. Mwalimu wake alihesabu maswali 22 yaliyorudiwa kwa njia hiyo. Wiki hii aliombwa kuwaonyesha wenzake wanne namna anavyofanya, na wawili kati yao wameanza kurasa zao."

Katika pongezi hii ya pili hakuna neno "hodari" wala "mfano wa kuigwa", lakini msomaji anamwona mtoto ameinama juu ya daftari. Mzazi mwingine anayeisoma anaweza kumwambia mwanawe, "Hebu nawe tujaribu kurasa za nyuma." Mtoto mwenyewe anasoma alichokifanya, anajua kilionekana, na anajua atakavyokifanya tena.

Unapoandika, anza na kitendo, taja mahali au wakati, weka namba ikiwapo, kisha malizia na matokeo madogo yaliyoonekana. Sentensi tatu au nne zinatosha. Usimlinganishe na wenzake, na hasa usiandike "tofauti na wanafunzi wengine", kwa maana wengine hao nao watasoma. Usitaje pia udhaifu wa zamani hata kama unaona unaongeza uzito wa habari: mtoto aliyekuwa akishindwa kusoma kwa sauti hatakushukuru kwa kuwatangazia majirani kwamba alikuwa akishindwa.

Hatua ya tano: Omba ridhaa ya mzazi na ya mwanafunzi

Sheria hutofautiana, na ni wajibu wa mhariri kuijua ya nchi yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za elimu huruhusu shule kutaja jina la mwanafunzi na tuzo alizopata, mradi wazazi wawe wamearifiwa mapema na kupewa nafasi ya kukataa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, ambayo hudai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Tanzania ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Juu ya hizo zote, Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 unamhakikishia mtoto haki ya faragha katika ibara ya 16, na haki ya maoni yake kusikilizwa katika ibara ya 12.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mpelekee kila mzazi au mlezi fomu moja ya ridhaa yenye maswali yaliyotenganishwa: je, jina la mtoto litajwe? Je, picha yake itumike? Je, jarida likiwekwa kwenye intaneti, jina na picha viwemo, au vibaki katika nakala ya karatasi pekee? Swali moja la jumla halifai, kwa sababu mzazi anaweza kukubali jina na kukataa picha. Fomu isiyorudishwa ihesabiwe kuwa ni "hapana". Wako watoto wanaoishi mbali na mtu ambaye hatakiwi kujua walipo, na shule haiambiwi kila mara.

Ridhaa ya mzazi ikishapatikana, bado mtoto mwenyewe hajaulizwa. Mwanasaikolojia David Elkind alieleza mwaka 1967 kwamba kijana anayebalehe huishi kana kwamba ana hadhira inayomtazama wakati wote. Kumtaja mtoto kama huyo hadharani bila kumwonya ni sawa na kumsukuma jukwaani akiwa hajafunga viatu. Nakumbuka mvulana mmoja aliyeokota fedha uwanjani na kuzipeleka ofisini. Nilimwonyesha rasimu ya habari yake nikidhani atafurahi, aliisoma mara mbili, akakunja karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wataniita mnafiki." Tukakubaliana kwamba barua ya pongezi iende nyumbani kwake katika bahasha, na jaridani iandikwe tu kwamba fedha zilizopotea zimerudishwa na mwanafunzi wa shule yetu. Baadaye mama yake alikuja shuleni na barua ile mkononi ili amshukuru mwalimu wa darasa.

Tangu hapo kila mwanafunzi huonyeshwa maneno yatakayomhusu, na huwa na njia tatu za kuchagua: kutajwa kwa jina, kutajwa bila jina, au kupewa barua ya faragha.

Kuhusu picha, zingatia mambo machache. Simu nyingi huhifadhi ndani ya faili la picha taarifa za mahali ilipopigwa, basi zima huduma ya mahali katika kamera kabla ya kupiga, au ondoa taarifa hizo kabla ya kutuma. Angalia nyuma ya wahusika: ubao wenye majina na alama za darasa zima, mtoto mwingine ambaye mzazi wake alikataa, au karatasi yenye namba za simu. Picha ya kikundi kinachofanya kazi ni salama zaidi kuliko ya uso mmoja, na mara nyingi ni nzuri zaidi.

Hatua ya sita: Panga matangazo ya shughuli zijazo

Tangazo la shughuli lina maswali sita ambayo lazima lijibu: ni shughuli gani, inamhusu nani, ni siku na tarehe gani, inaanza na kwisha saa ngapi, iko wapi, na mzazi anatakiwa afanye nini kabla ya siku hiyo. Swali la mwisho ndilo husahaulika. Mzazi anasoma kwamba kutakuwa na ziara ya mafunzo, anafurahi, kisha asubuhi ya ziara mtoto anabaki shuleni kwa kuwa fomu haikutiwa saini.

Maneno "kesho", "wiki ijayo" na "Jumamosi hii" yasitumike kamwe, kwa sababu jarida husomwa siku yoyote. Andika siku na tarehe pamoja, kisha fungua kalenda uhakikishe kwamba vinaafikiana. Saa nazo zina mtego wake katika lugha yetu: saa tatu asubuhi ya Kiswahili huandikwa 9:00 katika simu, na mzazi anayeona "saa 3:00" bila neno "asubuhi" au "alasiri" anaweza kufika wakati watu wameshaondoka. Shika mfumo mmoja katika jarida zima na utaje kipindi cha siku kila mara.

Panga matangazo kwa kufuata tarehe ya kutenda, wala si ukubwa wa shughuli. Tamasha la mwisho wa muhula linaweza kungoja chini ya ukurasa ikiwa lipo wiki sita mbele, na kikao cha keshokutwa kikae juu. Siku za kimataifa zinazofaa shule ziingizwe mapema ili walimu wapate muda wa maandalizi: 21 Februari kwa lugha mama, 7 Julai kwa Kiswahili, 5 Oktoba kwa walimu, 20 Novemba kwa watoto.

Kwa wazazi wasiosoma jarida, tuma ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na Kiswahili huandikwa vizuri ndani ya kiasi hicho. Lakini ukiweka kikaragosi kimoja tu cha uso unaotabasamu, nafasi hushuka hadi herufi 70, na ujumbe hugawanyika vipande ambavyo shule hulipia kila kimoja. Huu hapa mfano:

"Kikao cha wazazi wa darasa la 7: Jumamosi 14 Machi, saa 3:00 asubuhi, ukumbini. Mwisho saa 5:00 asubuhi. Tafadhali leta ripoti ya mtoto. Jibu kabla ya 11 Machi."

Ujumbe huo una herufi 160 pamoja na nafasi, na maswali yote sita yamejibiwa.

Hatua ya saba: Sahihisha majina kwanza, kisha mengine

Kila jina lilinganishwe na rejesta ya darasa, herufi kwa herufi, na watu wawili: mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye rejesta, mwingine afuate katika rasimu kwa kalamu. Familia huhifadhi ukurasa huo kwa miaka, na jina lililokosewa huhifadhiwa pamoja nao. Ukishamaliza majina, pitia tarehe, saa na mahali, kisha tahajia. Mwisho mpe rasimu mzazi mmoja asiye mwalimu na umuulize: "Unatakiwa kufanya nini, na lini?" Asipoweza kujibu kwa nusu dakika, tangazo liandikwe upya.

Kosa likigundulika baada ya jarida kutoka, masahihisho yachapwe katika toleo linalofuata, ukurasa wa kwanza, kwa maandishi ya ukubwa ule ule.

Hatua ya nane: Sambaza na weka kumbukumbu

Sambaza kwa njia mbili angalau, yaani karatasi na simu, na siku iwe ile ile kila mara ili wazazi waizoee. Bandika nakala moja kwenye ubao wa matangazo karibu na geti, katika kimo ambacho mtu mzima anasoma bila kuinama. Nakala nyingine iingie katika faili la shule pamoja na fomu za ridhaa zilizotumika kwa toleo hilo.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda nyumbani, rudi kwenye orodha ya wanafunzi wote, utie alama majina yaliyotoka, na uandike juu ya ukurasa mpya wa daftari majina matano ambayo bado hayana alama. Asubuhi inayofuata wapelekee walimu wa madarasa yao.